Alhamisi za Profesa Sarpy

Alhamisi, 2 Juni

Msimu wa vimbunga umefunguliwa jana. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya miadi ya wateja, lakini wateja wangu hawana miadi, wanakuja wakijisikia. Basi nitaandika yangu.

Na la leo ni kubwa. Saa nne asubuhi Profesa Numa Sarpy alianza kipindi chake kama kawaida, kwa kukohoa. Mtu huyu kafundisha historia shule ya sekondari miaka thelathini, na tangu astaafu, kila Alhamisi saa nne hadi saa sita, anatufundisha sisi wengine jazi, kwenye kituo kidogo cha redio kilichoko juu ya duka la viatu. Anajua nani alipiga nini, siku gani, mvua ilinyesha au haikunyesha, na mpiga ngoma alikuwa amegombana na nani asubuhi ile. Ukimsikiliza unadhani alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha pembeni. Wateja wapya hunung'unika, wanataka muziki wa vijana. Mimi huwaambia kwamba saluni hii ina redio moja, na mwenye kuishika ndiye mwenye kushika kitana cha moto. 

Leo katangaza kwamba hadi msimu uishe atapiga santuri zote za maana zilizorekodiwa hapa New Orleans baada ya vita, moja baada ya moja, kwa tarehe. Kaanza na mwaka wa arobaini na tano. Nikahesabu vidoleni huku nimemshika mtu kichwa. "Usinisubiri Mlangoni" ya bendi ya Oscar Meilleur ni ya Machi arobaini na tisa. Tutaifikia Agosti.

Tarumbeta mle ndani ni ya baba yangu, Alcide Pichon. Siku za kazi alikuwa fundi wa lipu. Siku za maziko na maandamano ya muziki mitaani alikuwa tarumbeta. Alifariki miaka kumi na mitatu iliyopita, na karatasi ya santuri ile ina jina la Meilleur peke yake. Mtaa wetu wote unajua ni baba, kwa kuwa sisi tumewaambia. Redioni hajatajwa hata mara moja.

Nilikwenda mbio chumba cha nyuma kumwambia Mama. Moyo wake mbovu, siku nyingi yuko kitandani, na redio yake ndogo iko sikioni. Alikuwa ameshasikia. Akasema, "Watu wengi wamepiga tarumbeta mji huu, Verlene." Nikadhani ni ule moyo.

Alhamisi, 9 Juni

Arobaini na sita. Profesa alieleza nusu saa kwa nini mpiga klarineti fulani alirekodi amevaa kofia. Hakuna aliyelala.

Jumatano, 22 Juni

Mvua. Nywele za watu wote zimerudi zilikotoka. Mama hakugusa chakula cha jioni.

Alhamisi, 30 Juni

Nimegundua jambo. Kila Jumatano Mama hali chakula, na kila Alhamisi saa sita, kipindi kikiisha, ananiita na kuniuliza, "Amefika mwaka gani?" Na yeye amesikiliza kipindi chote! Anauliza kama watu wanavyouliza kimbunga kimefika wapi.

Nilimwambia Ola Mae, binamu yangu, anayefanya kazi kiti cha pili. Ola Mae ulimi wake hauna ala. Akasema Mama ana wasiwasi kwamba marehemu atasifiwa na wanawake wa zamani watajitokeza kumlilia.

Alhamisi, 14 Julai

Arobaini na saba imekwisha. "Amefika mwaka gani?"

Daktari kabadilisha dawa za Mama. Kasema asipate mshtuko. Nikamwambia Daktari, tuko New Orleans na ni Julai, mshtuko uko angani.

Alhamisi, 28 Julai

Wiki ijayo ndiyo yenyewe. Nimewaambia wateja wote. Bi Odette Larose, wa kwaya ya kanisani, kaahidi kuja hata kama hana haja ya kuoshwa nywele. Mama kaniambia, bila kunitazama, wiki ijayo nisiifungulie redio saluni, kichwa kinamuuma kwa kelele. Nikamwambia, Mama, nitaifungulia hata kichwa kingekuwa kinapasuka.

Sasa nimeandika hivyo, naona aibu.

Alhamisi, 4 Agosti

Nitaandika kama ilivyotokea.

Walikuwa wanawake kumi na mmoja ndani ya saluni yenye viti sita. Ola Mae alizima draya ili tusikie. Saa tano kasoro dakika kumi Profesa akakohoa, akasema tumefika kwenye santuri anayoipenda kuliko zote alizozipiga msimu huu. Akaeleza chumba chenyewe kilikuwaje, nyuma ya duka la vyombo vya umeme, joto, kipaza sauti kimoja. Akamtaja mpiga piano. Akamtaja mpiga besi, Elmore Gaspard, ambaye yu hai hadi leo, anakaa mtaa wa Algiers, ng'ambo ya mto. Kisha akasema, "Na tarumbeta ile, wasikilizaji wangu, sauti kama mtu anayeita jina la mtu aliyekwisha kuondoka, ni ya Isidore Vappie, kijana wa miaka ishirini na miwili, ambaye wiki hiyohiyo alipanda treni na bendi kwenda Chicago, na dunia ikamjua."

Akaipiga. Dakika tatu nzima hakuna aliyenitazama. Wote walitazama miguu yao.

Ilipoisha, Bi Odette akasema labda Profesa kakosea, binadamu hukosea. Ola Mae akasema Profesa huyu anajua mpaka kofia za watu, leo ndiyo akosee tarumbeta? Alikuwa ananitetea, lakini neno lilitoka upande mbaya, na mimi nililisikia lilivyotoka.

Nilikwenda kwa Mama. Alikuwa amegeukia ukuta. Redio imezimwa. Nikamwambia nitamwandikia barua mtu yule, nitamfundisha yeye historia. Mama akasema, "Acha." Nikasema, wamemwibia Baba. Akasema tena, "Acha, mwanangu." Sikuacha.

Ijumaa, 5 Agosti

Barua kurasa nne. Nimeipeleka mwenyewe posta.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimekataa kufungua redio. Tumesikiliza mahubiri. Wateja watatu wamesinzia. Saa sita Mama kaniita. Alikuwa amesikiliza Profesa kule kwake, kwa sauti ya chini. Kasema, "Hajaisoma barua yako." Nilishangaa jinsi uso wake ulivyokuwa na unafuu.

Alhamisi, 18 Agosti

Ameisoma. Yote, hata pale nilipomwita mwizi wa makaburi. Aliisoma polepole, kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Kisha akasema kwamba karatasi za studio anazo, zinasema Vappie, na Vappie mwenyewe alimweleza hivyo kabla hajafa. Lakini historia si mali yake, na Bi Verlene Pichon akiwa na ushahidi, meza ipo na kiti kipo.

Ushahidi! Nimelelewa na santuri ile ndani ya nyumba. Ilikuwa ikipigwa kila Krismasi.

Jumapili, 28 Agosti

Baada ya misa nimepanda kivuko kwenda Algiers kumtafuta Elmore Gaspard. Mzee wa miaka themanini na ushee, kakaa barazani na feni ya mkono. Nikajitambulisha. Akanitazama muda mrefu, akasema nina paji la uso la Alcide. Moyo ukafunguka. Nikamuuliza nani alipiga tarumbeta siku ile.

Akasema, "Binti yangu, mpiga besi husimama nyuma. Mimi nimeona migongo tu maisha yangu yote."

Nikamwambia mgongo wa baba yangu anaujua. Akacheka kidogo, kisha hakucheka. Akasema Alcide alikuwa bora kuliko Vappie, na hilo ataliapia mbele ya kasisi. Nikang'ang'ania: siku ile, je? Akaacha kujipepea.

"Umemuuliza mama yako?"

Nikasema Mama hakuwepo studio, atajua nini. Akasema, "Kamuulize yeye kabla hujaniuliza mimi," akamwita mkwewe aniletee limau ya barafu, na baada ya hapo tukazungumzia magoti yake.

Kwenye kivuko nilisimama nje. Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Sipendi walivyonyamaza watu wazima hawa.

Jumatatu, 29 Agosti

Nimemuuliza Mama. Kasema kichwa kinamuuma. Nimempa maharage mekundu na wali, kala kijiko kimoja tu.

Alhamisi, 1 Septemba

Simu ya saluni imelia saa saba. Profesa Sarpy mwenyewe. Nilimjua kwa kikohozi. Ananialika kipindini Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili, mbele ya mji mzima, nieleze yangu naye aeleze yake. Nilikubali kabla sijafikiri. Baada ya kukata simu nikamchoma Bi Odette sikio kwa kitana.

Jumanne, 6 Septemba

Ola Mae anafanya kazi kama wakili. Kapata picha: Baba na tarumbeta yake mbele ya duka lilelile la vyombo vya umeme. Nyuma imeandikwa kwa kalamu, 1949. Na kapata wazee wawili wa chama cha maandamano walio tayari kuapa kwamba walikuwa nje ya mlango siku ile wakamsikia Alcide kwa masikio yao. Nikamuuliza, kweli walikuwepo? Akasema, "Watakuwepo."

Jumatano, 7 Septemba

Kimbunga kimeingia Ghuba ya Meksiko.

Ijumaa, 9 Septemba

Kinakuja kwetu. Dada yake Ola Mae yuko Baton Rouge, ana nafasi. Gari lilikuwa mlangoni saa tatu asubuhi, injini inaunguruma. Mama kakataa. Kasema moyo wake utasimama barabarani katikati ya foleni, bora usimame kitandani pake. Tulimbembeleza hadi Ola Mae akalia, na Ola Mae halii. Mwishowe nikamwambia aende na watoto wake. Nimebaki mimi na Mama. Nimepigilia mbao madirishani mwenyewe, mbili zimekaa upande. Bafu limejaa maji. Mishumaa, biskuti, sadini, betri.

 Kila dakika kumi nakwenda kutazama mtaa kama maji yameanza.

Jumapili, 11 Septemba

Tuko hai. Jana sikuweza kuandika.

Umeme ulikatika saa mbili asubuhi. Upepo ulikuwa ukija kwa mafungu, unasukuma nyumba, unapumzika, unasukuma tena. Mle ndani giza la mbao, joto la tanuri. Niliweka redio ya betri kitandani, katikati yetu. Kituo cha Profesa kilikuwa hewani. Wengine wote walikuwa wamehama, na yeye, mzee wa miaka sabini na mbili, alikuwa kapanda ngazi juu ya duka la viatu anasoma habari za maji: mtaa fulani futi moja, mtaa fulani mti umelala njiani. Kati ya habari na habari alipiga santuri, kwa maana, alisema, mtu akisikia ngoma anajua kuna binadamu mwingine macho. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nilimsikiliza kama mtoto.

Saa nane mchana akaipiga "Usinisubiri Mlangoni". Sijui kwa nini aliichagua hiyo.

Mama akaishika redio kama anataka kuizima, asiizime. Akasema, "Si yeye."

Nikasema najua, Mama, Profesa amekosea, tarehe ishirini na mbili nita...

"Si Alcide. Alcide hakuwepo."

Nitaandika alivyosema, kwa kadiri nikumbukavyo, maana alizungumza kwa vipande na upepo ulikuwa ukimkatiza.

Meilleur alimtaka Baba. Asubuhi ya Machi ile warekodi, jioni bendi ipande treni kwenda Chicago wiki mbili. Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi mitano. Wanaume wa mtaa wetu, alisema, walikuwa wakienda Chicago wiki mbili, halafu unawaona tena kwenye picha tu. Kaka yake alikwenda hivyo. Mume wa jirani alikwenda hivyo. Basi alfajiri, Baba akiwa bafuni, Mama akafungua sanduku la tarumbeta akatoa kipulizio, kile kipande kidogo cha shaba ambacho bila hicho tarumbeta ni bomba tu, akakitumbukiza ndani ya mtungi wa mchele, akaukoroga mchele juu yake.

Baba alitafuta nyumba nzima. Alipindua godoro. Alimuuliza, naye akasema hajakiona, akamsaidia kutafuta. Saa tano akakimbia na tarumbeta isiyo na kipulizio, akitumaini kuazima. Alipofika, Vappie alikuwa ameshaitwa, ameshapiga, watu wanafunga vyombo. Ile picha aliyoipata Ola Mae ilipigwa saa hiyo. Ndiyo maana Baba hacheki mle.

Nikamuuliza, alijua?

Akasema, "Mwaka wa tatu baadaye. Jumatatu. Nilikuwa nafua, akasema leo yeye atapika maharage. Akachota mchele. Nilisikia kikombe kimegonga." Baba alikiweka juu ya meza, kando ya sahani yake, akala, akanawa, akaenda kazini. "Nikangoja aniulize. Miaka ishirini na mitatu, Verlene. Kila alipofungua mdomo nilidhani ndiyo sasa. Hakuuliza hata siku ile anakata roho."

Na alipokwisha kuzikwa, Mama akaanza kusema kwamba tarumbeta ile ni yake. Kwanza kwa Bi Odette, pale msibani. Neno likamtoka. Kisha akaona linapendeza.

Nikakumbuka: kila Krismasi tukiipiga santuri ile Baba alitoka nje kuvuta sigara. Sisi baadaye tuliita unyenyekevu. Na mimi, mtoto wake, nikitafuta kumbukumbuni sasa, sikumbuki hata mara moja kusikia neno hilo kinywani mwake.

Upepo ulipungua saa kumi na moja. Maji yaliishia barabarani. Nilitoka nikakaa barazani na sikuingia ndani mpaka aliponiita mara tatu.

Jumanne, 13 Septemba

Umeme umerudi. Namlisha, namwogesha, nampa dawa. Hatuzungumzi. Yaani yeye anazungumza.

Alhamisi, 15 Septemba

Profesa katangaza: wiki ijayo, binti wa Alcide Pichon. Bi Odette kaniletea kitambaa cha kichwa nivae, ingawa ni redio.

Jumamosi, 17 Septemba

Nimemwambia Ola Mae yote. Alikaa chini ya draya isiyowaka, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Nani anajua? Wewe, mimi, shangazi, na yule mzee wa Algiers ambaye ana mguu mmoja kaburini."

Nikasema na Profesa ana karatasi.

"Sisi tuna picha na tuna wazee wawili. Mtaa mzima utafungua redio, Verlene. Ukienda kule ukasema baba yako hakupiga, watauliza nani aliyesema alipiga. Utawajibu nini? Utamtoa mama yako sadaka na moyo ule?"

 Nikisema uongo, namwibia Vappie, ambaye hakunikosea kitu. Nikisema kweli, namuua Mama, ambaye kanikosea. Nikikaa kimya watasema niliogopa. Na kuna jingine ambalo sikumwambia Ola Mae: asingekificha, huenda mimi ningelelewa na picha. Nina hasira naye kwa jambo lililonipa baba.

Jumatano, 21 Septemba

Sijala.

Alhamisi, 22 Septemba

Ngazi za kituo kile ni nyembamba na zinanuka ngozi ya viatu. Profesa ni mfupi kuliko sauti yake. Shati jeupe, vifungo hadi shingoni, mikono yenye madoa ya uzee. Alinivutia kiti, akanipa maji. Picha ya Ola Mae ilikuwa kwenye mkoba wangu. Wale wazee wawili walikuwa chini mlangoni, wamevaa suti, wanangoja niwaite.

Alikohoa, akanitambulisha kwa heshima zote, akasema, "Bi Verlene, kiti ni chako."

Niliona taa nyekundu ya kuwa hewani imewaka, nikafikiri nyumba zote ambamo redio zimefunguliwa. Nikasema, "Profesa, nilikuja kukwambia umekosea. Hukukosea. Baba yangu hakupiga."

Hakufurahi. Nilimtazama nione kama atafurahi. Alitoa karatasi kwenye bahasha, nakala ya karatasi ya studio, akaisukuma mezani. Kwenye mstari wa tarumbeta kulikuwa na jina limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake limeandikwa Vappie. Chini ya mstari ule bado linasomeka: A. Pichon.

Akawaeleza wasikilizaji nilichokuwa nikikitazama. Akasema amekuwa na karatasi hii miaka ishirini, na miaka yote hiyo amejiuliza huyu Pichon ni nani, mtu ambaye Meilleur alimtaka kabla ya Vappie, na kwa nini hakutokea. Barua yangu ilipofika, matusi hayakumsumbua; aliruka kitini kwa lile jina. "Hukuja kunishtaki tu," alisema. "Mimi nilikuwa nakusubiri. Alichelewa?"

"Alichelewa."

"Kwa nini?"

Mwanahistoria hawezi kuacha swali hilo.  Nikasema, "Mambo ya nyumbani, Profesa."

Akaelewa kwamba mlango umefungwa. Akanyoosha mkono kwenye santuri. Na hapo kijana wa mitambo akagonga kioo, akaonyesha simu. Profesa akabonyeza.

"Uko hewani, mama. Jina lako?"

"Eulalie Pichon," sauti ilisema, na ilikuwa na pumzi fupi. "Mwanangu ananifichia. Mimi ndiye niliyekificha kipulizio cha mume wangu. Asiende Chicago. Nilikuwa na mimba ya huyo aliyekaa mbele yako."

Nilisimama. Nilitaka kumwambia akate simu, apumzike, Ola Mae yuko wapi. Profesa aliinua mkono, si kwa ukali. Mama akaendelea. Alisema yote, mtungi, mchele, ile Jumatatu, msiba, uongo. Alisema kwamba Alcide hakuwahi kudai kitu kisicho chake, na kama kuna mwizi katika jambo hili, yuko kwenye simu. Alisema Isidore Vappie alipiga vizuri. "Ila Alcide angepiga vingine," alisema. "Pale mwisho asingepandisha sauti. Angeteremsha."

Kwa mara ya kwanza katika miaka ninayomsikiliza, Profesa Sarpy alisahau kukohoa.  Akasema, "Bi Eulalie, jibu hili nimelitafuta maktaba za miji minne."

"Hukuniuliza mimi," Mama akasema, akakata simu.

Ijumaa, 23 Septemba

Nilipofika nyumbani jana nilimkuta kakaa kitandani, Ola Mae kamshika mkono, wote wawili wanakula. Kasema moyo wake umetulia. Mimi nilikwenda jikoni nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Alhamisi, 29 Septemba

Wateja wanne. Bi Odette hakuja. Nimeambiwa kasema mke wa namna ile asingemkubali kwenye kwaya hata kama anaimba kama malaika.

Alhamisi, 6 Oktoba

Profesa kapiga ya mwaka wa hamsini na moja. Elmore Gaspard kampigia simu kutoka Algiers, hewani, kukubali kwamba Alcide angeteremsha pale mwisho. Wamebishana dakika ishirini.

Alhamisi, 20 Oktoba

Bi Odette amerudi. Hakusema kitu, kakaa kwenye kiti, kainamisha kichwa. Alipokuwa anatoka akapita chumba cha nyuma, akakaa huko nusu saa. Sijui walisema nini. Nilisikia mmoja wao akicheka.

Mimi na Mama tunazungumza sasa: dawa, supu, mvua.

Jumanne, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mji mzima uko makaburini na ndoo za chokaa na maua. Kaburi la Baba nimelipaka mimi kila mwaka. Mama hajawahi kwenda tangu azikwe. Alikuwa akisingizia miguu, kisha moyo.

Leo alfajiri nimesikia fimbo yake kwenye ukumbi. Akaja mpaka saluni, peke yake, akashika migongo ya viti. Akakaa kiti cha kwanza, kile changu.

"Nitengeneze nywele," alisema. "Nakwenda kumwona baba yako. Siwezi kumwendea na kichwa hiki."

Nikamwosha. Kichwa chake chepesi, kinaenea viganjani kama yai. Miezi yote hii nilimgusa kwa kazi tu, sabuni, kijiko, kidonge. Nikamkausha, nikampaka mafuta, nikapasha kitana. Nywele zimebaki kidogo na nyeupe zote. Nilianza mbele. Nadhani mkono wangu ulikuwa mzito, maana alikunja uso.

"Bado una hasira," alisema, amefumba macho.

"Ndiyo, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa saa. Kisha akainamisha shingo mbele ili nifikie nyuma.

"Basi fanya taratibu kisogoni. Hapo ndipo panapouma."

Nikaweka kitana pembeni kipoe kidogo, na nikafanya taratibu.